Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu, kutoka kwa fundi wa cherehani hapa Nakuru

Mheshimiwa Waziri Ogamba, Katibu Bitok, Mheshimiwa Mbadi wa Hazina, wabunge wetu, na nyinyi walimu wakuu ambao najua hizi vitu mnasoma usiku mkiwa kitandani,

Salamu kwanza. Sijui mtu mkubwa husalimiwa aje kwa barua lakini mama yangu alitufunza salamu haina mkubwa, kwa hivyo habari za sikukuu, natumai mlikula mkashiba. Leo ni tarehe 30 Desemba 2025, na mimi nawaandikia nikiwa kwa kazi, mguu mmoja kwa pedo ya cherehani na simu juu ya meza ya kukatia, mkiona sentensi imekatika katikati jueni mteja ameingia.

Mwaka huu sikuenda nyumbani. Kwetu ni Malava huko Kakamega, pale mlijazana Novemba yote juu ya uchaguzi mdogo hadi tukajua kumbe ile barabara yetu magari makubwa yanaweza kupita. Nilifika steji wiki ya Krismasi nikapata nauli imeruka karibu mara mbili, konda ananiambia mama kama huna shuka kuna watu nyuma yako, nikashuka na ndoo yangu ya mafuta na mkate nikarudi kazini. Mama alikasirika kwa simu kidogo halafu akaniuliza tu swali moja, "na mtoto ameitwa shule gani?" Hiyo ndio imefanya niandike.

Mimi ni fundi wa nguo. Niko na cherehani mbili za kukanyaga na ovaloki moja ya stima, kwa baraza ya duka la mtu, barabara gani sisemi juu kanjo pia wanasoma. Nakuru tulipewa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mimi wa jiji bado natumia mguu. Sijalalamika, mguu hauishi tokeni.

Sasa fundi mwaka huuona kwa kitambaa. Juni, tarehe 25, vijana walitoka kukumbuka wenzao waliopigwa risasi 2024, na mwezi huo huo mwalimu kijana Albert Ojwang alikuwa amefia mikononi mwa polisi, nikafunga mapema nikaenda na suruali za wateja nyumbani kwa gunia nikazimalizia kwa mkono nikisikiliza redio. Oktoba tarehe 15 asubuhi Baba akafariki huko India, Raila, na kabla ya saa sita mama mmoja wa omena sokoni alikuwa amesimama mbele yangu na nusu mita ya kitambaa cha rangi ya chungwa, ile ya chama chake Baba, anataka kitambaa cha kichwa, nimshonee sasa hivi, na hakuwa analia, alikuwa ameshika tu ule ukingo anaukunja anaukunjua. Sikumlipisha. Novemba mkazindua barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, tunaambiwa tutaipita kwa kulipia, na baada ya hapo ni Singapore, Singapore, kila redio ni eti nchi yetu itakuwa kama Singapore. Sawa. Mimi sijakataa kwenda Singapore. Nauliza tu huko wanavaa yunifomu ya bei gani.

Ndio, hii barua ni ya yunifomu. Msicheke bado.

Binti yangu ni wa ile darasa ya kwanza ya CBC, ule mtaala mpya wa shule, ambayo mwaka huu mmeibadilisha jina ikawa CBE kabla hata hatujamaliza kuelewa ile C ya mwisho ilikuwa nini. Hawa watoto mimi huwaita watoto wa kuonjea chumvi. Kila kitu wao ndio wa kwanza. 2019 walikuwa Gredi 3 mfumo ukaanza nchi nzima, sisi wazazi tukaanza kutafuta manyoya ya kuku saa tatu usiku ya kubandika kwa karatasi. 2020 wakiwa Gredi 4 korona ikafunga shule mwezi wa tatu, na Oktoba wao ndio waliitwa warudi pamoja na darasa la nane na kidato cha nne, wengine wakabaki nyumbani hadi Januari. 2022 wakafanya ule mtihani wa kwanza wa Gredi 6, halafu tulipodhani sasa wanaenda sekondari mkasema hapana, wabaki hapo hapo primari waitwe junia, yaani sekondari ya chini, Gredi 7 hadi 9. Binti yangu amesoma sayansi miaka mitatu kwa shule haina maabara. Ile hadubini aliiona kwa kitabu, mwalimu akaichora ubaoni, yeye akaichora kwa daftari, akapewa alama ya mchoro safi. Huyo ndio sasa mmempeleka njia ya STEM, ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu.

Na mwalimu simlaumu hata kidogo, alikuwa mmoja anafunza masomo ambayo hata yeye hakusomea, na kwa muda mrefu alikuwa intan wa mshahara wa kuhurumia.

Matokeo ya mtihani wa Gredi 9 yalitoka mwezi huu wa Desemba. Watoto zaidi ya milioni moja nchi nzima, na hakuna nambari moja na hakuna wa mwisho, ni EE na ME na AE na BE, kutoka aliyepita matarajio hadi aliye chini ya matarajio, hiyo mimi nilipenda kusema ukweli, zile siku za kubeba mtoto mabegani kwa televisheni zilikuwa zinaumiza wengine. Lakini pia mngetufunza kidogo. Hapa kwa baraza mama mmoja alinunulia watu soda mbili akisema mtoto wake amepata BE, alidhani ni B nzuri, na sisi sote tukakunywa soda na hakuna mtu alikuwa na moyo wa kumwambia.

Halafu ikakuja kuitwa shule ya sekondari ya juu, Gredi 10. Mtoto alikuwa amechagua shule kumi na mbili, tulikaa naye usiku na simu tukichagua hadi bando ikaisha, na yeye alitaka ile njia ya Sanaa na Michezo juu anachora nguo huyu mtoto, anachora kuliko mimi mwenye kazi. Kompyuta yenu ikampeleka bweni, mbali, upande wa magharibi, kwa STEM. Mkafungua dirisha la kuomba kubadilisha, vizuri, asanteni, lakini mkalifungua wiki ya Krismasi. Nyinyi mlifikiria nani anakaa saiba tarehe 24? Mimi nilikaa. Tulikuwa laini hadi nje kwa barabara, wamama na watoto wao, mwenye saiba amevaa kofia ya Krismasi, mtandao unazunguka unazunguka, na mzee mmoja nyuma yangu anauliza kila mtu STEM ni ugonjwa gani. Tukaomba, hadi leo tunangoja majibu, na shule inafunguliwa tarehe 12 Januari.

Kwa hivyo nikaanza kujitayarisha kwa ile shule aliyoitwa, juu ndege wa kungoja hajengi. Nikapakua barua yao na hapo ndio nikakutana na listi.

Nimeshona yunifomu miaka kumi na sita. Listi ya shule mimi naisoma vile daktari anasoma karatasi ya damu. Hii ilisema sketi mbili za marinda, moja 1,900. Mashati matatu, moja 950. Sweta 2,200. Truksuti 3,000. Tai 500. Soksi pea mbili, pea moja 250. Jumla ni 12,850, na chini imeandikwa kwa herufi nzito kwamba zote zinapatikana shuleni pekee na mzazi asije na nguo ya nje. Hapo bado godoro, sanduku, shuka, ndoo, majembe (eti jembe!), na karo yenyewe.

Nikachukua chaki nikaandika hesabu juu ya meza. Sketi ya marinda ya mtoto wa umri huo inakula mita mbili, gabadini nzuri hapa mjini ni 350 mita, hiyo ni 700. Zipu 30. Uzi, kifungo na kanvasi ya mkanda tuseme 50. Ufundi wangu 400 na hapo nimekula nimeshiba. Hiyo ni 1,180, wao wanauza 1,900. Tofauti 720, mara mbili 1,440. Shati mimi nashona kwa 600 na kitambaa changu, mara tatu nimeokoa 1,050. Sweta kuna mama tunakaa naye ana mashine ya kufuma, 1,300 na haipauki. Hapo 900. Truksuti ya 1,900 iko, hiyo ni 1,100 nyingine. Tai 200. Soksi 150 kwa pea. Nikajumlisha tofauti zote nikapata 4,990.

Wekeni hiyo 4,990 hapo kando kidogo, mteja ameingia.

Nimerudi. Huyu mteja mniruhusu niwaelezee juu anahusika. Ni baba wa boda, amekuja na kofia ya pikipiki kwa mkono, ametoa kwa jaketi suruali ya kijivu ya kijana wake ya junia, imeoshwa imepigwa pasi hadi inakata. Anasema, fundi, hii si ni kijivu, na kule ameitwa pia ni kijivu, nitolee hii beji tu na ushushe pindo. Nikaigeuza ndani. Mama yake alikuwa ameacha pindo la inchi tatu nzima tangu Gredi 7, amepanga huyu kijana akue ndani ya suruali moja, na amekua kweli, pindo limebaki inchi moja. Nikamwambia baba hii itaenda. Halafu akanionyesha picha ya listi kwa simu. Pale kwa mfuko wa nyuma wa suruali yao kuna kamstari kembamba ka rangi ya damu ya mzee, upana wa kiberiti. Basi. Hako kamstari ndio biashara yote. Hakana kazi, hakashiki mfuko, hakazuii baridi, kamewekwa hapo tu ili mimi nisiweze kushona na baba asiweze kutumia ile ya zamani, na mtoto akija na ya kwake aonekane kutoka geti. Suruali ya kamstari ni 1,800. Baba alinyamaza akaniuliza kama naweza kukashona hako kamstari tu. Naweza. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini ule utepe wenyewe nimezunguka maduka yote ya vitambaa hapa mjini hakuna, mwenye duka ananiambia huo huagizwa na mtu mmoja tu.

Nyinyi wa wizara najua jibu lenu. Mtasema tulishakataza. Ni kweli, kila Januari mnatoka kwa televisheni mnasema hakuna shule kulazimisha mzazi kununua yunifomu kwa duka fulani, mimi hizo sauti nazijua hata kwa usingizi. Na kila Januari mzazi anarudishwa getini. Nilikuwa nadhani ni roho mbaya ya walimu wakuu tu, mpaka mmoja wao, mteja wangu wa suti, sitamtaja, akaniambia kitu nikiwa nampima kiuno. Aliniambia, fundi, unadhani mimi napenda kuuza sweta? Serikali imesema itanitumia 22,244 kwa kila mtoto kwa mwaka. Haiji yote. Na ikija inakuja vipande vipande kama mgonjwa anayekunywa uji. Mpishi anataka mshahara, stima ikikatwa ni mimi.

Na si yeye pekee amesema. Ni wewe mwenyewe Mheshimiwa Mbadi, Julai mwaka huu uliwaambia wabunge ukweli kwamba Hazina haiwezi hiyo 22,244, inaweza kama 16,900. Watu walikupigia kelele siku hiyo, mimi sikukupigia, angalau ulisema. Lakini toa 16,900 kwa 22,244 uone inabaki ngapi. Ni 5,344.

Sasa rudisheni ile yangu tuliweka kando. 4,990.

Mimi sijasoma uchumi, nilifika kidato cha pili nikaenda kufunzwa kazi na shangazi. Lakini kitambaa hakipotei. Ukikata hapa ukapata kimepungua, angalia sakafuni. Hiyo elfu tano mliyotoa kwa mtoto pale Nairobi haikupotea, imekuja kutolewa Nakuru kwa baba wa boda, imeshonwa ndani ya sweta, imeitwa tai, imeitwa kamstari ka mfuko. Mnasema elimu ni ya bure kiasi na karo haijapanda, na kwa karatasi haijapanda kweli, mimi nimeangalia. Imevaa yunifomu.

Na hapo ndio naona mnatukosea heshima, si kwa umaskini wa serikali, umaskini tunaujua sisi tunauelewa haraka. Mungeniambia mama fundi, pesa haitoshi, ongeza elfu tano kwa karo, ningelia lakini ningejua nalipia nini, ningeuliza risiti, ningekuja kwa mkutano wa wazazi niulize imeenda wapi. Lakini mkiificha kwa sweta hakuna wa kuulizwa. Mwalimu mkuu anasema ni bei ya duka. Duka linasema ni oda ya shule. Wizara inasema tulikataza. Mimi nabaki na sweta.

Ndio, najua mtu ataandika huko chini eti huyu fundi anatafuta kazi. Natafuta! Nani alisema sitafuti? Januari ndio ilikuwa mavuno yetu mafundi wa nchi hii. Zamani hii baraza mwezi wa kwanza ilikuwa na mafundi wanne, tunalala saa saba usiku, kijana wa kukata, msichana wa vifungo, mama wa chai anatuletea na thamosi mbili. Sasa niko mimi na cherehani moja imefunikwa na leso. Hizo pesa mnasema mnataka zizunguke huku chini kwa mahasla, zilikuwa zinazunguka, kutoka kwa boda kuja kwangu kwenda kwa mama wa chai kwenda kwa SHA, ile bima ya afya ya serikali ya mia tatu kwa mwezi ambayo sisi wa jua kali mlitaka tulipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600, nimelipa, msiniulize vile nilipata. Mkachukua mzunguko mkampa mtu mmoja mwenye utepe.

Ombi langu halina makuu. Semeni rangi, muache mshono. Shule iseme sketi ya bluu, shati jeupe, sweta ya kijani, basi, kila mzazi anunue ama ashonewe anapoweza, hata kama ni ile ya dada yake imeshushwa pindo, na beji iuzwe shuleni kama beji, kipande cha kushonea juu, hata mkiuza mia mbili sitasema kitu. Halafu atakayerudisha mtoto getini juu ya kamstari muitwe ninyi mshughulike naye siku hiyo hiyo, sio Machi. Na hizo pesa za watoto, Mheshimiwa Mbadi, kama ni 16,900 iwe 16,900 kweli, ifike kabla ya tarehe 12, shule isifunguliwe na deni la maharagwe. Na siku nyingine mkitaka kubadilisha kitu mtuambie mapema. Mwezi wa tatu mlisema hesabu si lazima kwa wote sekondari, wa nne mkasema ni lazima, ile nyepesi kwa wasio wa STEM, binti yangu akafurahi mwezi mmoja tu maskini.

Wabunge sijui niwaambie nini. Mtakuja na fomu za basari Februari, mtoto amekaa nyumbani mwezi mzima, tupige foleni mtupige picha. Sawa, tutakuja.

Ni saa mbili usiku sasa. Baba wa boda nimemwambia arudi kesho jioni, pindo nimeshusha, nimepiga pasi lile kunjo la zamani na maji na sabuni ya kipande hadi likafifia, ukiangalia kwa mbali ni suruali mpya. Kamstari nimemtengenezea na tai ya zamani ya mtu, rangi imekaribia, kwa jua inaweza kujulikana lakini asubuhi ya mvua itapita.

Na ya binti yangu nimeikata pia. Gabadini ya bluu, mita mbili, marinda kumi na sita, pindo la inchi nne juu miaka ni mitatu. Ilibidi nikate kwa kukisia juu rangi ya listi kwa simu na rangi ya duka si kitu kimoja. Sijui kama ni hiyo shule ataenda ama ile tuliyoomba, bluu nimeambiwa ni bluu. Jina lake nimelishona ndani ya mkanda kwa uzi mweupe kama vile tulikuwa tunafanya zamani, na chini ya jina nimeshona namba yangu ya simu. Tarehe 12 atakuwa getini nayo. Mkimkataa, mgeuzeni mkanda mnipigie, nitakuwa hapa kwa baraza na tepu shingoni, nije nipimwe mimi.

Wenu,
Fundi, Nakuru